Rafu ya Waliofiwa

Wiki iliyopita mliniacha nikicheka. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka la vitabu, vumbi mpaka kwenye nyusi, pete mpya kidoleni, na mwanamume ninayempenda bado amepiga goti kati ya maboksi. Wengi wenu mlinipongeza. Dada mmoja alinisimamisha sokoni, akanishika mikono yote miwili: "Hatimaye na wewe jua limekuchomozea!"

Dada yangu, popote ulipo, jua hilo lilikuchwa siku iliyofuata, hata saa sita ya mchana haijafika.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asipate tabu. Mimi nilisomea ukutubi, ile elimu ya kupanga vitabu ili kila kimoja kiwe na mahali pake na kila mtu aweze kukipata. Nilihitimu nikiwa na moyo mkubwa kuliko begi langu. Maktaba zikaniambia hazina nafasi, maofisi yakaniuliza uzoefu, na ghala la karatasi lililonichukua mwishowe likafungwa wiki ileile niliyoanza kazi. Ng'ombe wa maskini hazai.

Mvua ndiyo iliyonifikisha kwa Mama Vitabu. Niliingia dukani kwake kujikinga, nikakaa kwenye benchi kusoma, mvua ikaanuka, nikasahau kuondoka. Jioni akaniuliza, "Wewe Msomi, utasoma bure mpaka lini? Kesho njoo na kitambaa cha kufutia vumbi."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Duka lenyewe ni jembamba kama ujia. Upande huu kinyozi, upande ule muuza simu, katikati sisi. Rafu zinapanda mpaka darini, na ngazi ya mbao inalia kila ukiipanda, kama inayokuuliza una haraka gani. Dirishani kuna lile benchi. Ukikaa pale unaweza kusoma kitabu kizima ukakirudisha, na hakuna atakayekufukuza.

"Kitabu si sabuni," Mama Vitabu alikuwa akisema. "Hakiishi kwa kutumiwa."

Ila ukitaka kununua, kulikuwa na sharti. Lazima usimame mbele ya meza yake umsomee ukurasa wa kwanza kwa sauti. Uwe mkubwa wa ofisi, uwe mwanafunzi, utasoma. Yeye anafumba macho, anasikiliza. Kisha anasema, "Chukua, mmeelewana." Au anasema, "Rudisha, hiki kitakugombanisha na mumeo." Watu walivuka mji mzima kuja kusomeshwa namna hiyo, na waliporudi kwao walisimulia kama waliotoka harusini.

Na rafu zake! Hazikuwa na lebo hata moja. Hakupanga kwa herufi wala kwa somo. Alipanga kwa watu. Kulikuwa na rafu ya waliofiwa, rafu ya walioachwa, rafu ya waliochoka na kazi, rafu ya wanaotaka kusafiri lakini hawana nauli, na rafu ya wabishi, ambayo ilikuwa ndefu kuliko zote. Riwaya ilikaa ubavuni mwa kitabu cha bustani. Mashairi yalilala juu ya historia ya reli. Mteja akiingia, Mama Vitabu anamsikiliza anavyosalimia, ananyanyuka, mkono wake unakwenda moja kwa moja, unarudi na kitabu. Hapapasi. Haulizi mtu.

Mimi na shahada yangu tulikuwa tunakaa tunamtazama kama watoto wanaotazama mazingaombwe.

Mwanawe wa pekee ni mpima ardhi, na hapa mmezoea kumwita Mpima. Huyu alinichumbia kwa maduka ya vitabu. Wenzangu wanapelekwa kula na kucheza muziki. Mimi kila Jumapili nilipelekwa kwenye duka ambalo sijawahi kuliona.

Kuna lile lililo chini ya ngazi za zahanati, ambako lazima uiname ndipo uingie, na mwenyewe anakwambia, "Hata mkurugenzi huinama hapa." Kuna la ndugu wawili waliogombana wakaligawa duka kwa pazia: kaka anauza riwaya, mdogo wake anauza vitabu vya shule, na kwa miaka yote hiyo hawasemezani, ila chenji wanapitishiana chini ya pazia. Kuna la fundi miavuli, anayeuza mashairi tu, na ukinunua diwani anakushonea mwavuli wako bure, kwa maelezo kwamba anayesoma mashairi hatazami mawingu.

Kama mtaani kwenu kuna duka la namna hiyo, ingieni. Ingieni hata kama hamna haja. Msije siku moja mkapita mkakuta kioo kimejaa vifuniko vya simu.

Ni katika duka la fundi miavuli ndipo Mpima aliponipa lile wazo. Mama yake alikuwa ameondoka kwenda kumtazama dada yake mgonjwa, na angerudi Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Tumfanyie zawadi," Mpima alisema.

"Zawadi gani?"

"Wewe si mkutubi? Panga duka."

Nilicheka. "Mama ataninyonga."

"Atalia kwa furaha. Anachoka, humwoni? Ukilipanga kwa utaratibu, hata siku akiumwa mtu yeyote atajua kila kitu kilipo. Mpenzi, umesomea nini kama si hiki?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Toka nihitimu, waliowahi kuniuliza nimesomea nini walikuwa ni wale wa kuninyima kazi tu.

Basi tulipanga. Mwisho wa wiki wote tulishusha vitabu, tukapanguza, tukapandisha. Jumapili mchana, nikiwa juu ya ngazi na kamusi kwapani, alinishusha akapiga goti. Hapo ndipo mlipotuacha.

Kuna jambo moja bado sijawaambia, na bila hilo hamtaelewa yaliyonipata Jumatatu.

Mpima alikuwa amemsihi mama yake mara nyingi apumzike, ahamie kwake. Siku moja walibishana mbele ya wateja. Mama Vitabu alipiga meza, akasema hivi, nami nilikuwepo:

"Siku nitakayomtolea mteja kitabu kisicho chake, siku hiyo nitaufunga mlango huu kwa mkono wangu mwenyewe. Nitakwenda utakakonipeleka, nitakaa utakaponiweka, kama begi. Lakini mpaka siku hiyo, funga mdomo wako, mwanangu."

Wateja walipiga makofi. Mimi nilipiga kuwazidi wote. Kila mtu anajua Mama Vitabu akisema neno, neno limesemwa.

Jumatatu nilifungua duka nimevaa gauni langu la mahafali. Rafu zilikuwa zimesimama sawasawa kama askari kwenye gwaride. Juu ya kila moja niliweka lebo kubwa, herufi nyekundu na za bluu: RIWAYA. MASHAIRI. HISTORIA. KILIMO NA UFUGAJI. Nilisimama kando ya meza, moyo unanidunda kama wa bibi harusi.

Mama Vitabu aliingia ameushika mkono wa Mpima, aliyekwenda kumpokea stendi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Msomi. Mbona kuna harufu ya sabuni? Umepiga deki au umepiga vita?"

Nikasubiri. Alipita mbele ya lebo nyekundu kubwa kama sinia la chai. Akaketi, akakunja mtandio wake.

"Dada yangu anawasalimu. Sasa anakula, na anatukana watu. Atapona."

"Mama," nilisema, nimeshindwa kuvumilia, "huoni kitu?"

Aligeuza uso wake kwangu. "Naona."

"Unaona nini?"

"Naona umechangamka. Kuna mtu kakuoa nilipokuwa safarini?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamnyooshea mkono wenye pete, nikauweka karibu kabisa na uso wake. Hakuutazama. Alikuwa anatabasamu tu, akiangalia mahali fulani kando ya sikio langu.

Nikadhani ananitania. Wallahi nilidhani ananitania. Nikamgeukia Mpima ili tucheke pamoja.

Mpima hakuwa anacheka. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, anamtazama mama yake kama anavyotazama kwenye darubini yake ya kupimia viwanja, bila kupepesa.

Wakati huohuo Kinyozi akaingia.

Kinyozi ni jirani yetu, na mtaani hakuna mtu mwenye mzaha kumshinda. Anayekwenda kwake kunyolewa hutoka anacheka, nusu ya kichwa ikiwa imeharibika na hata hajali. Lakini wiki moja kabla ya siku ile alikuwa amemzika mkewe. Siku ile ndevu zake mwenyewe zilikuwa zimeota ovyo.

"Mama," alisema. "Nimekuja."

"Pole, mwanangu. Habari zilinifikia hukohuko nilikokuwa. Keti."

"Nikiketi sitanyanyuka."

"Unalala?"

"Silali, Mama. Alikuwa akikoroma, mimi nikilalamika. Sasa hakuna wa kukoroma. Kimya kimekaa kitandani upande wake."

Mama Vitabu alisukuma kiti chake nyuma. Alinyanyuka. Alikwenda upande wa kushoto, akapita nguzo, akanyoosha mkono usawa wa bega. Mkono ulikwenda palepale ulipozoea kwenda siku zote, kwenye rafu ya waliofiwa.

Pale palikuwa sasa na KILIMO NA UFUGAJI.

Nilifungua mdomo. Mpima aliweka kidole kwenye midomo yake. Nami, mjinga mimi, nikamtii.

"Hiki," Mama alisema, akakipangusa kwa kiganja. "Kisome polepole. Katikati kitakuliza. Usikitupe, maana mbele kina pa kupumulia."

Kinyozi akakipokea kwa mikono miwili. Kwenye jalada kulikuwa na kuku mweupe amesimama juu ya trei ya mayai.

Alimtazama yule kuku. Akanitazama mimi. Akatazama lebo iliyokuwa juu ya kichwa cha Mama. Kisha akasogea hatua moja kando, taratibu, bila sauti, na tabasamu la Mama likabaki limeelekea palepale alipokuwa amesimama mwanzo.

Ndipo nilipoelewa. Na nilivyoelewa, yote yalinijia kwa mkupuo, kama vitabu vinavyomwangukia mtu aliyevuta kimoja cha chini. Lile sharti la ukurasa wa kwanza, ambalo wateja wa zamani walisema halikuwepo miaka ya nyuma. Vitabu vipya alivyonitaka nimsomee, sura nzima nzima, mimi nikidhani ananipima sauti. Zile rafu zisizo na lebo. Mama Vitabu hakuwa anaona. Kila kitabu dukani kilikuwa mahali alipokiweka yeye, na mahali hapo ndipo palipokuwa macho yake.

Nami nilikuwa nimeyahamisha macho hayo kwa mikono yangu miwili, nikayapangusa vumbi, nikayapanga kwa herufi.

"Haya," Mama alisema, akarudi mezani akafumba macho. "Ukurasa wa kwanza."

 Nilimwona Kinyozi akifungua kitabu kile. Niliona kutoka pale nilipokuwa mchoro wa banda, na vipimo vya chakula cha vifaranga.

Akaanza kusoma.

"Nyumba ilikuwa na watu wawili," alisoma. "Mmoja alikuwa akikoroma, mwingine akilalamika. Siku moja yule anayelalamika akapewa alichokiomba."

Alisimama. Akafunua karatasi, ili isikike.

"Asubuhi alichemsha chai ya watu wawili. Hakuwa amesahau. Alijua vizuri kwamba yuko peke yake. Lakini mkono wake haukujua, na ni vigumu kuufundisha mkono. Akamimina vikombe viwili. Akanywa chake. Kisha akakaa anakitazama cha pili mpaka kikapoa, akakinywa pia, kwa sababu marehemu hakupenda kitu kimwagwe."

 Akafunga kitabu.

 Mama Vitabu bado alikuwa amefumba macho.

"Hicho," alisema polepole, "hakianzi hivyo."

"Labda ni chapa mpya, Mama."

"Labda."

 Aliupeleka mkono wake pembeni, kwenye rafu iliyo karibu na meza, ile ya wabishi. Vidole vilipita juu ya migongo ya vitabu, kimoja, kingine, kingine. Vikasimama. Niliona uso wake ukibadilika, kama wa mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda cha mtu mwingine.

Lakini sauti yake haikutikisika. "Chukua, mwanangu," alisema. "Mmeelewana."

Kinyozi akapumua. Mimi nikapumua. Kwa kitambo kidogo nilidhani tumeokoka. Nilikwishaanza kupiga hesabu kichwani: leo nitamwambia aende kula, nitafunga mlango, nitarudisha kitabu kimoja baada ya kingine, hata kama sitalala.

"Mama," Mpima akasema. "Umempa kitabu cha kufuga kuku."

"Mpima!" nilipiga kelele.

"Acha aambiwe. Kila mtu hapa anamhurumia, hakuna anayempenda kiasi cha kumwambia. Mama, huoni. Huoni lebo, huoni pete, huoni kuku. Toka lini?"

Mama Vitabu alifumbua macho. Ni macho mazuri, meusi, yasiyo na doa. Ndiyo maana hakuna aliyejua.

"Zilianza kuondoka herufi," alisema. "Nikasema si kitu, nina masikio. Zikafuata nyuso. Nikasema si kitu, watu wana sauti. Duka halikuondoka. Duka niliishi nalo mpaka siku niliyosafiri." Akageuza kichwa. "Nani alilipanga?"

 "Mimi, Mama."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilitaka ufurahi. Nilidhani..." 

"Najua hukujua. Wewe ungejua, ungenisomea hata lebo za sabuni." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Na yeye je? Alijua?"

 Nilimtazama Mpima. Naomba mniamini, mpaka dakika ile nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumtetea.

"Nilikuwa nashuku," alisema. "Nilikuona ukivuka barabara, Mama. Pikipiki ilikukwepa kiasi cha kidole, dereva akaanguka, na wewe ukaendelea kutembea huku unaimba. Unaimba, Mama! Nilikuuliza mara ngapi kuhusu macho? Ukanijibu kwamba unaona kuliko mimi. Ningefanyaje? Ningesubiri mpaka niletewe habari yako kazini? Uliapa mbele ya watu. Nilitaka siku hiyo ifike ukiwa bado mzima."

"Kwa hiyo ukamtuma mtoto wa watu."

"Nisingeweza kupanga mwenyewe. Mimi sijui vitabu."

Nilihisi pete inanibana, kama kidole kimevimba.

"Uliniambia ni zawadi," nilisema.

"Ni zawadi. Siku moja mtanishukuru wote wawili."

"Na jana? Ulipopiga goti, ulikuwa unajua leo itakuwaje?"

"Pete ni kweli," alisema haraka. "Pete isiingizwe humu. Nakupenda, na hilo halihusiani."

"Ulijua au hukujua?"

Aliinamisha kichwa. Na kabla hajakinyanyua, mlango ukasukumwa, muuza simu akaingiza shingo, futi ya kupimia ikining'inia mkononi.

"Kaka Mpima, samahani, naona mna wageni. Fundi wangu anauliza, huo ukuta wa kati, duka likishakuwa langu, tutaanza kuvunja upande wa mbele au wa nyuma?"

Nimewahi kuandika hapa kuhusu siku nilizokataliwa, na siku ghala lilipofungwa, na siku niliyorudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sina nauli. Siku zote hizo nilikuwa na kitu kimoja: nilijua sijamuumiza mtu.

Kinyozi ndiye aliyezungumza kwanza. "Wewe toa hiyo shingo yako kabla sijainyoa," alimwambia muuza simu, na muuza simu akatoweka. Kisha akapiga goti mbele ya meza. "Mama, kiapo chako kinasema ukimtolea mteja kitabu kisicho chake. Mteja ni mimi. Mimi sijalalamika. Kitabu hiki ni changu."

"Kirudishe, mwanangu. Hukuja hapa kutafuta mayai."

"Sikirudishi." Alimkumbatia yule kuku kifuani. "Ukurasa wa kwanza nimeutoa humu ndani. Sasa umo. Nikikirudisha nitakuwa nimemwacha mke wangu kwenye rafu."

Mama Vitabu aliweka mkono juu ya kichwa chake, akaupitisha kwenye ndevu zile zilizoota ovyo. "Kanyoe," alisema. "Asingependa." Halafu akasimama. "Nilisema neno mbele ya watu. Mwanangu, una haki. Leo nimemkosea mteja. Nitafunga kwa mkono wangu, kama nilivyosema. Tokeni."

"Mama, nikusaidie..." Mpima alianza.

"Nimesema kwa mkono wangu."

Tukatoka. Nilimsikia nyuma yetu akitembea, na kwa mara ya kwanza toka nimjue, nilimsikia akijigonga. Alijigonga kwenye ngazi. Nilikuwa nimeihamisha ngazi.

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia.

Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Kinyozi aliketi kwenye kizingiti cha duka lake, akafungua kitabu cha kuku, akaanza kukisoma kwa kweli, midomo ikicheza. Mpima alisimama karibu nami. Nilikuwa nasubiri achekelee, ili niweze kumchukia vizuri. Hakuchekelea. Alikuwa analia kama mtoto.

"Ni mama yangu," alisema. "Ni mama yangu, ninaye mmoja tu."

Kisha ndani kukasikika kishindo.

Kitabu kimeanguka. Kikafuata kingine. Kikafuata kingine, kisha vingi kwa pamoja, rafu nzima, ikawa kama mvua inayoanza kwenye bati.

"Mama!" Mpima aligonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Mama, fungua! Utaumia! Mama!"

Kishindo kikakoma. Tukasikia hatua, zinasita, zinakuja. Komeo likatoka. Mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja tu, na ndani kulikuwa giza kwa sababu alikwishateremsha pazia la dirisha, ambalo yeye hakulihitaji.

"Msomi," sauti yake ilisema. "Vyote viko chini. Nimevishusha vyote. Kiapo changu nimekitimiza, nimefunga. Lakini sikuapa kwamba mtu mwingine hatafungua. Ingia, wewe peke yako. Njoo unisomee, kimoja kimoja, nami nitakwambia kila kimoja ni cha nani."

Nilipiga hatua. Mpima akanikamata mkono, ule wenye pete.

"Usiingie," alisema, kwa sauti ya chini, ya kusihi. "Nakuomba. Ukiingia utampa tumaini, na tumaini litamrudisha barabarani. Atagongwa, na itakuwa ni wewe. Njoo twende, nimeshamwandalia chumba. Tutaishi naye sote watatu. Nakupenda."

"Niachie."

"Ukiingia humo," alisema, na machozi yakawa yanamtiririka hadi shingoni, "niachie na pete."

Mkono wangu mmoja ulikuwa ndani ya mkono wake. Ulikuwa wa moto, na mpaka leo siwezi kuwadanganya kwamba sikuupenda. Mkono wa pili ulikuwa tayari umeushika mlango. Kwenye kizingiti cha jirani, Kinyozi alikuwa ameacha kusoma.

"Msomi?" Mama Vitabu aliita kutoka gizani. Alinyoosha mkono, akapapasa hewa. Yule ambaye hakuwahi kupapasa. "Msomi, upo?"

Hakuwa na njia ya kujua kama nimesimama pale au nimekwenda zangu, ila niseme.

Nami nilikuwa bado sijasema.